Kompyuta ya mezani ikikataa kutambua vifaa vya USB: mwongozo kamili

Flashi ikichomekwa na kompyuta ikakaa kimya, watu wengi hukimbilia kupakua draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Wengine hupiga Windows upya kabisa. Kisha wanagundua flashi bado haisomeki, kwa sababu tangu mwanzo tatizo lilikuwa kwenye waya, au kwenye matundu ya mbele ambayo kebo yake imechomoka ndani ya kasha. Draiva ni mshukiwa mmoja tu kati ya kadhaa, na wala si wa kwanza kuhojiwa. Kazi kubwa hapa ni kujua mawasiliano yamekatikia wapi. Ukishapajua, marekebisho yenyewe mara nyingi ni ya dakika chache.

Kinachotokea unapochomeka kifaa

Tundu la USB 2.0 lina pini nne: mbili za umeme wa volti 5, yaani chanya na ya ardhini, na mbili za data. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, iliongeza pini tano nyingine za mwendo kasi lakini ikaziacha zile nne za zamani mahali pake.

Ukichomeka kifaa, kwanza kinapata umeme. Kisha kinapandisha volti kwenye mmoja wa nyaya za data, na hapo ni kama kimepiga hodi. Kompyuta inauliza: nani wewe, umetengenezwa na nani, unahitaji umeme kiasi gani? Kifaa kikijibu kwa ufasaha, kinapewa namba, na Windows inakitafutia draiva. Kama ni flashi au diski, inabaki hatua moja: kupewa herufi kama E: au F: ili ionekane kwenye dirisha la faili.

Kila hatua ikishindikana huacha dalili zake. Umeme usipofika, taa ya kifaa haiwaki na hakuna mlio wowote. Umeme ukiwepo lakini hodi isisikike, taa inawaka, simu inachaji, na kompyuta haisemi kitu. Hapo shuku nyaya za data. Hodi ikisikika lakini majibu yakawa hayaeleweki, ndipo unapoona ujumbe wa «USB device not recognized». Na ukisikia mlio wa kuchomeka kama kawaida lakini flashi haionekani kwenye «This PC», kompyuta imeshaitambua: imekosa draiva au herufi tu. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chomeka kifaa, tazama taa, sikiliza mlio.

Kipanya chenye taa nyekundu chini ni kipimo kizuri cha umeme kisichogharimu kitu. Kipitishe kwenye kila tundu uone ni wapi taa inawaka na wapi haiwaki. Angalia tu kisiwe cha aina inayotumia mwanga usioonekana kwa macho.

Hatua ya kwanza: tenga kifaa na kompyuta

Peleka kifaa kwenye kompyuta nyingine. Kikikataa na huko, tatizo ni la kifaa au waya wake. Kikikubali, rudi na ujaribu vifaa vingine viwili vitatu kwenye kompyuta yako, katika matundu ya nyuma yaliyo kwenye madabodi yenyewe, yaani bodi kuu ya kompyuta. Usijaribie kwenye habu (kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi), usijaribie kwenye waya wa kurefusha, na matundu ya mbele yaache kwanza.

Majibu yanayoweza kupatikana ni machache. Tundu moja pekee likiwa limekufa, ni tundu hilo. Ya mbele yote yakifa na ya nyuma yakiwa mazima, karibu kila mara ni kebo ya ndani. Yote yakifa kwa pamoja, twende kwenye BIOS, ile programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows, na kwenye Windows yenyewe. Kibodi na kipanya vikifanya kazi lakini flashi zote zikikataliwa, hasa kwenye kompyuta ya ofisi, huenda hakuna kilichoharibika: msimamizi wa mtandao amezuia flashi kwa makusudi. Muulize kabla hujaanza kufungua kasha.

Nyaya zinastahili kutazamwa kwa jicho kali. Nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na vifaa vidogo, kama taa na vipaza sauti vya kuchaji, zina nyuzi za umeme peke yake. Hizo za data hazimo kabisa, na hakuna draiva itakayoziotesha. Simu nayo ina jambo lake: simu ya Android ikichomekwa huingia kwenye hali ya kuchaji tu, mpaka ushushe arifa juu ya skrini na kuchagua kuhamisha faili. Urefu pia una kikomo. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, na kwa USB 3.0 ukivuka kama mita 3 matatizo yanaanza.

Halafu kuna njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Diski ya nje isiyo na adapta yake huhitaji umeme mwingi inapoanza kuzunguka. Ikikosa, inatoa mlio wa tik-tik, inaonekana kidogo kisha inapotea. Usiharakishe kusema imekufa. Ihamishie tundu la nyuma la USB 3.0 kwa waya mfupi. Ukichomeka vitu vinne kwenye habu isiyo na adapta, vyote vinagawana umeme wa tundu moja.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kipokezi cha kipanya kisichotumia waya kinaweza kukwamakwama kwa sababu kimechomekwa jirani na diski ya USB 3.0. Mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo kipokezi hicho hutumia. Kisogeze mbali kwa waya mfupi wa kurefusha na tatizo litakwisha.

Hatua ya pili: zima kweli kweli

Kuzima kompyuta kwa menyu hakuondoi umeme wote. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri, na madabodi nyingi huzipeleka mpaka kwenye matundu ya USB. Chipu inayosimamia USB ikiwa imeganda, inaweza kubaki imeganda hivyo hivyo hata baada ya kuzima na kuwasha.

Zima kompyuta, chomoa vifaa vyote vya USB, zima swichi ya pawa saplai nyuma au chomoa waya wa ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 20 ili umeme uliobaki uishe. Subiri dakika moja, rudisha umeme, washa ukiwa na kibodi na kipanya tu. Kwa matundu yaliyogoma yote ghafla, hii ndiyo tiba ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji ujuzi wowote.

Windows 10 na 11 nazo zina mchezo wao. Kuna kipengele cha kuwaka haraka, «Fast Startup», kinachohifadhi hali ya mfumo kwenye diski unapochagua kuzima, pamoja na draiva zilizokuwa zimevurugika. Ndiyo maana kuchagua «Restart» husafisha zaidi kuliko kuzima na kuwasha, ingawa akili ya kawaida inasema kinyume. Ili kuzima kikamilifu, shikilia kitufe cha Shift unapobofya «Shut down».

Hatua ya tatu: iulize BIOS

Jaribio hili ndilo linaloigawa kazi mara mbili, na ndilo linalorukwa zaidi. Washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2 mfululizo mpaka uingie BIOS. Je, kibodi ya USB inafanya kazi humo ndani?

Ikifanya kazi kwenye BIOS kisha ikafa Windows ikishawaka, matundu ni mazima na umeme upo. Mkosaji ni Windows. Isipofanya kazi hata kwenye BIOS, acha kabisa habari za draiva, kwa sababu hapo Windows haijaanza. Mkosaji ni mpangilio wa BIOS, madabodi, au umeme.

Ukifanikiwa kuingia, tafuta sehemu inayoitwa «USB Configuration» au jina linalofanana nalo. Hakikisha matundu hayajazimwa, «Legacy USB Support» imewashwa, na «XHCI Hand-off», kama ipo, imewashwa pia. Ukiona mipangilio imechezewa na hujui ilivyokuwa, rudisha ya kiwandani kwa «Load Optimized Defaults».

Kabla ya kubadilisha kitu chochote kwenye BIOS, hakikisha unao ufunguo wa dharura wa BitLocker kama diski yako imefungwa kwa njia hiyo. Windows ikihisi BIOS imeguswa inaweza kuudai inapowaka. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft.

Kama kibodi haifanyi kazi hata kwenye BIOS, madabodi nyingi bado zina lile tundu la duara la PS/2, na kibodi ya zamani ya aina hiyo haitegemei USB hata kidogo. Hakuna PS/2? Zima, chomoa waya wa ukutani, toa betri bapa ya CR2032 kwenye madabodi kwa dakika tano hivi, irudishe. BIOS itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na utalazimika kurekebisha saa na tarehe.

Hatua ya nne: ndani ya Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, upate «Device Manager». Kama kipanya hakifanyi kazi, kibodi peke yake inatosha: Tab kuingia kwenye orodha, mishale ya juu na chini kutembea, mshale wa kulia kufungua kundi, Shift+F10 kupata menyu ya kubofya kulia, Alt+Enter kufungua sifa za kifaa.

Fungua kundi la «Universal Serial Bus controllers» na utafute alama ya manjano. Kifaa chenye alama hiyo ukikifungua, utakuta namba ya kosa inayokuambia mengi. Namba 22 ina maana kifaa kimezimwa. Bofya «Enable device» na habari imekwisha. Namba 28 ina maana hakuna draiva. Namba 10 ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 43 ndiyo inayowatesa wengi: Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu chenyewe kimeripoti tatizo. Ikiandamana na maneno «Device Descriptor Request Failed», maana yake hodi ilisikika lakini jibu la «nani wewe» halikufika salama, na hapo waya mbovu au tundu chafu lina uwezekano sawa na draiva mbovu. Badilisha waya na tundu kwanza.

Ikiwa bado, endelea kwa mpangilio huu:

1. Hifadhi kazi zako. Bofya kulia juu ya kila «USB Root Hub» na kila «Host Controller», uchague «Uninstall device». Usiweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Kibodi na kipanya vitakufa katikati ya kazi hii, na ni jambo la kutarajiwa. Kama kompyuta haijajizima yenyewe, bonyeza kitufe chake cha kuwashia mara moja ili izime, au itakapokwama kishikilie. Ikiwaka, Windows itavisakinisha vyote upya.

2. Kwenye sifa za kila «USB Root Hub», fungua kichupo cha «Power Management» na uondoe tiki kwenye «Allow the computer to turn off this device to save power». Kisha kwenye «Control Panel», fungua «Power Options», mipangilio ya kina, «USB settings», uzime «USB selective suspend». Kwa kompyuta ya mezani umeme unaookolewa hapo ni kidogo mno, na vifaa vinavyopotea baada ya kompyuta kulala mara nyingi huponea hapa.

3. Draiva za chipseti, yaani chipu kuu za madabodi, zichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi au wa kompyuta yenyewe. Zile programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Hukuletea draiva zisizokuhusu na matangazo juu yake.

4. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya sasisho, andika `rstrui` kwenye kisanduku cha Windows+R na urudi kwenye hali ya kabla ya siku hiyo.

Masasisho kweli huweza kuwa chanzo. Sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025, KB5066835, lilifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi kwenye skrini ya ukarabati inayotokea Windows ikishindwa kuwaka. Microsoft ilitoa marekebisho siku chache baadaye, KB5070773. BIOS nayo ina masasisho yake: mwaka 2021 AMD ilikiri kwamba madabodi za chipseti za mfululizo wa 500 zilikuwa zikikatakata USB, na dawa ikaja kupitia sasisho la BIOS. Kwa hiyo ukiwa na madabodi ya kundi hilo ambayo haijawahi kusasishwa, anzia hapo. Kwa madabodi nyingine mimi huiacha BIOS mpaka nimemaliza mengine yote, maana umeme ukikatika katikati ya sasisho unaweza kubaki na madabodi isiyowaka.

Flashi inasikika, haionekani

Andika `diskmgmt.msc` kwenye Windows+R. Ukiiona flashi humo bila herufi, bofya kulia, chagua «Change Drive Letter and Paths», uipe herufi isiyotumika. Tatizo hili hupenda kutokea pale herufi iliyozoeleka inapokuwa imechukuliwa na folda ya mtandao. Flashi zote zikiwa hazipewi herufi, fungua «Command Prompt» kama msimamizi na uandike `mountvol /E`.

Ukiona flashi imeandikwa RAW, yaani Windows haitambui mpangilio wa faili zake, au Windows inakuomba kufomati, kataa. Diski iliyotumika kwenye Linux au Mac inaweza kuleta ombi hilo hilo ikiwa na afya njema, kwa sababu tu Windows haielewi mfumo wake wa faili. Okoa data kwanza kwenye kompyuta inayoielewa, kisha ndipo uamue.

Na kama vifaa vingine vyote vinakubali isipokuwa vya kuhifadhia faili, angalia kwenye rejista, kwa `regedit`, njia hii: `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\USBSTOR`. Thamani ya `Start` inatakiwa kuwa 3. Ikiwa 4, kuna aliyefunga flashi. Kompyuta ikiwa ni yako, irudishe 3 na uwashe upya. Ikiwa ni ya kazini, usiiguse.

Wa Linux watafupishiwa: andika `sudo dmesg -w`, chomeka kifaa, usome kinachojitokeza. Kimya kabisa maana yake hodi haikufika. «device descriptor read/64, error -71» mara nyingi ni waya, tundu au umeme. Kwa vifaa vinavyolala na kutoamka, jaribu kuongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye vigezo vya kuwashia mfumo.

Hatua ya tano: fungua kasha

Chomoa waya wa ukutani kwanza, na ushike sehemu ya chuma ya kasha ili kutoa umeme tuli mwilini. Anza na matundu yenyewe ukitumia tochi. Katikati ya kila tundu kuna ulimi wa plastiki wenye pini. Vumbi litoe kwa hewa ya kopo au brashi kavu; uchafu ulioganda kwa kijiti cha mbao na tone la spiriti safi. Chuma kisiingie humo. Pini iliyopinda ikagusa ganda la tundu huleta shoti, na shoti ya tundu moja inaweza kuyanyima umeme majirani zake, kwa kuwa mara nyingi matundu mawili hutumia fyuzi moja. Baadhi ya madabodi zikigundua shoti hiyo huandika «USB Device Over Current Status Detected» na kujizima baada ya sekunde 15. Ukiona maneno hayo, chomoa kila kitu cha USB, pamoja na kebo ya matundu ya mbele kutoka kwenye madabodi. Ikiwaka vizuri, umeshampata mhalifu: ni matundu ya mbele. Unaweza kuyaacha bila kuunganishwa na ukatumia ya nyuma maisha yote.

Kebo ya mbele ya USB 2.0 huingia kwenye pini 9, safu mbili, ambapo nafasi moja haina pini ili usikosee upande. Ya USB 3.0 ni nene na ngumu, ina pini 19, na hupenda kujichomoa nusu pale mtu anapoongeza kadi au kusafisha kasha. Isukume irudi sawasawa bila kuilazimisha. Kwenye madabodi za zamani kuna pini za FireWire zinazofanana sana na za USB 2.0 lakini hubeba volti nyingi zaidi. Ukichomeka kebo ya USB hapo unaunguza flashi ya kwanza itakayowekwa mbele. Soma maandishi madogo kwenye madabodi kabla ya kuchomeka.

Mwenye mita ya umeme anaweza kupima kati ya pini ya kwanza na ya nne kwenye tundu la nyuma. Inatakiwa isome kati ya volti 4.75 na 5.25. Ikiwa chini ya hapo kwenye matundu yote, na kompyuta pia hujizima au diski hukatika, jaribu pawa saplai nyingine kabla ya kuilaumu madabodi. Fyuzi nyingi za matundu hujirudisha zenyewe zikipoa, kwa hiyo tundu lililozimika kwa shoti lipe muda bila umeme kabla ya kulihukumu.

Matundu ya nyuma yakiwa yameshindikana kabisa, na umepita BIOS, pawa saplai na betri, madabodi haihitaji kutupwa. Kadi ya USB inayochomekwa kwenye nafasi ya PCI Express ina chipu yake yenyewe na haitegemei ile iliyokufa. Chagua yenye tundu la kuingizia umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, hasa ukikusudia kuitumia kwa diski za nje. Windows 10 na 11 huzitambua nyingi bila kusakinisha chochote. Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0, kwa hiyo draiva ya kadi iandae mapema, na usiiweke kwenye flashi. Kibodi iliyochomekwa kwenye kadi ya namna hii huenda isifanye kazi kwenye BIOS, hivyo ikiwa limebaki hata tundu moja zima la madabodi, hilo liachie kibodi.